Askofu Josiah Kibira: Akili Iliyotumika

Katika historia ya miaka mia moja ya Injili kando ya Ziwa Victoria wamo watu wengi waliojaliwa akili. Wengine walisoma hadi mbali, wakapata vyeo na mali, na majina yao yakasahaulika mara walipoiaga dunia. Wengine walikuwa na akili kali ambayo haikupata kazi ya kufanya, ikawa kama mbegu iliyohifadhiwa kwenye kihenge mpaka ikaliwa na wadudu. Wachache walifaulu kuigeuza akili yao kuwa msaada kwa jamii nzima, na katika kufanya hivyo wakapata maisha yaliyojaa. Miongoni mwa hao wachache anahesabiwa Josiah Mutabuzi Kibira, Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni.

Maisha yake yanastahili kuandikwa katika kitabu hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa mtu wa ziwa. Maji yanayopiga miamba ya Mwanza ndiyo yale yale yanayopiga ufuko wa kijiji alichozaliwa, na kwa vizazi vingi ziwa limekuwa barabara ya watu wa Bukoba na Mwanza kuliko lilivyokuwa mpaka kati yao. Ya pili ni kwamba maisha hayo yanajibu swali ambalo wazazi na vijana wa sharika hizi huulizana kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa: mtoto akiwa na akili, afanye nini nayo?

Wasomaji wa Kashenye

Josiah Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 huko Kashenye, kijiji kilicho kando ya ziwa kaskazini ya mji wa Bukoba, si mbali na mpaka wa Uganda. Ili kuelewa malezi yake, ni lazima kwanza kuelewa neno moja. Katika Buganda na Buhaya ya zamani, Mkristo aliitwa msomaji. Kuamini na kujua kusoma vilikwenda pamoja, kwa kuwa aliyetaka kubatizwa alipaswa kwanza kuweza kulisoma Neno kwa macho yake mwenyewe.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Biblia nzima ilipatikana kwa Kiganda mwaka 1896. Wavuvi na wafanyabiashara wa Kihaya waliovuka kwenda kaskazini walirudi na vitabu hivyo. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kujenga misheni Kashozi mwaka 1892, lakini wasomaji wa upande wa Kiinjili hawakuwa na mmisionari wala mchungaji. Walikusanyika wenyewe, mara nyingi kwa siri na wakati wa usiku, kwa hofu ya watawala ambao hawakutaka dini hiyo. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipowasili mwaka 1910, hawakukuta nchi tupu. Walikuta watu waliokwisha kujifundisha kusoma na kusali.

Baba yake Josiah, Isaya Kibira, alikuwa mmoja wa Wakristo hao wa awali. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika nyumba ambamo kitabu hakikuwa pambo. Kilikuwa kitu ambacho watu wazima walikuwa wamekihatarishia maisha. Lakini baba huyo hakuishi kumwona mwanawe akikua. Alifariki Josiah akiwa bado mdogo sana, na mzigo wa kulea ukamwangukia mama.

Jambo hili halifai kupitwa haraka. Yatima wa miaka ile hakuwa na uhakika wa shule. Nguvu ya mtoto wa kiume ilihitajika shambani, kwenye migomba na mibuni, na ada ilihitaji fedha taslimu. Kwamba mtoto huyu alifika darasani, na kwamba hakuondolewa humo, ni kazi ya mama mjane, ya ukoo na ya usharika. Akili aliyokuwa nayo ilikuwa karama yake, lakini nafasi ya kuitumia alipewa na wengine. Huenda ndiyo sababu, katika utu uzima wake, somo lililomshughulisha kuliko mengine yote lilikuwa uhusiano wa mtu na jamii inayomzaa.

Ualimu na Uamsho

Kijana aliyefaulu masomo katika Bukoba ya miaka ya 1940 alikuwa na njia kadhaa mbele yake. Kahawa ilikuwa imeleta fedha nchini, na Wahaya walikwisha kujulikana kwa kupenda elimu. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani. Meli za ziwa zilichukua vijana kutoka Bukoba hadi Mwanza, na kutoka Mwanza reli iliyokamilika mwaka 1928 iliwapeleka Tabora na kwingineko, kwenye shule na kazi. Wengi walikwenda na hawakurudi.

Kibira akawa mwalimu. Ualimu wa siku zile ulikuwa na heshima kubwa na mshahara mdogo. Mwalimu aliandika barua za kijiji kizima, alisuluhisha magomvi, aliongoza nyimbo siku ya Jumapili, na mara nyingi ndiye aliyehubiri mchungaji alipokuwa mbali. Ni katika kazi hiyo ambapo akili hujifunza jambo ambalo vitabu havifundishi, yaani kusema jambo gumu kwa namna ambayo mtoto aliyeketi nyuma kabisa ataelewa.

Mwaka 1947 Kibira aliguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulianzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuvuka hadi Buhaya. Watu waliungama dhambi zao hadharani, walirudisha vitu walivyoiba, na walipatana na majirani waliokuwa hawasemezani nao. Maskini na tajiri, msomi na asiyejua kusoma, waliitana ndugu.

Hapa kulikuwa na jaribu kubwa kwa kijana mwenye elimu. Katika baadhi ya vikundi vya uamsho elimu ilitazamwa kwa mashaka, kwa hofu kwamba ingezaa kiburi na kuipoza imani. Kwa upande mwingine, baadhi ya viongozi wa kanisa waliutazama uamsho wenyewe kwa mashaka, wakiona kelele na hukumu nyingi. Katika miaka ya 1950 mvutano huo katika Buhaya ulifika mahali pabaya, na baadhi ya wanauamsho wakajitenga na kanisa na kuanzisha kundi lao.

Kibira hakuacha uamsho wala hakuacha kanisa. Aliendelea kuwa mwanauamsho maisha yake yote, na aliendelea kusoma. Msimamo huo haukuwa rahisi, kwa maana anayesimama katikati hupigwa na pande zote mbili. Lakini ndio uliomwandaa kwa kazi iliyokuwa ikimngoja. Kutoka kwa ndugu wa uamsho alijifunza kwamba mtu mwenye akili ana dhambi kama mwingine yeyote na anahitaji kuonywa. Kutoka katika masomo alijifunza kwamba moto usio na mafiga huunguza nyumba.

Bethel na Boston

Kanisa la Buhaya lilikuwa limejifunza kwa uchungu hatari ya kutegemea viongozi wa kutoka nje. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Walirudi baadaye, na Vita Kuu ya Pili ikawaondoa tena. Mara zote mbili sharika zilibaki mikononi mwa wainjilisti, walimu na wachungaji wachache wenyeji. Waswidi walikuja kusaidia katika miaka ya 1940, miongoni mwao akiwa Bengt Sundkler, mtaalamu ambaye baadaye alikuwa profesa wa historia ya kanisa na misioni katika chuo kikuu cha Uppsala. Ilikuwa dhahiri kwamba kanisa lilihitaji wanateolojia wake lenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kibira alipelekwa Ujerumani kusoma teolojia huko Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Mahali hapo palistahili kuitwa shule kwa namna mbili. Tangu mwaka 1867 Bethel ilikuwa makao ya watu wenye kifafa, na baadaye pia ya wagonjwa wa akili na watu wasio na makazi. Chuo cha teolojia kilianzishwa humo humo mwaka 1905, kwa makusudi kwamba wanafunzi wa uchungaji wasisome mbali na wanaoteseka. Mwanafunzi aliyetoka maktabani na kitabu cha Kigiriki mkononi alikutana njiani na mtu aliyehitaji kushikwa mkono ili avuke barabara. Fundisho hilo halikuhitaji mhadhara.

Kibira alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960. Mwaka uliofuata Kanisa la Kiinjili la Buhaya lilimpata Sundkler kuwa askofu wake wa kwanza, na tarehe 9 Desemba mwaka huo huo Tanganyika ikapata uhuru. Sundkler alishika nafasi hiyo kwa muda mfupi tu, na ilieleweka kwamba mwenyeji angemfuata.

Kibira akaenda Marekani, katika chuo kikuu cha Boston, ambako miaka michache kabla yake, mwaka 1955, Martin Luther King alikuwa amepata udaktari. Miaka ya Kibira huko ilikuwa miaka ya harakati za haki za watu weusi. Somo alilochagua kulichunguza halikuwa la Kimarekani wala la Kijerumani. Alichunguza Ukristo miongoni mwa Wahaya. Alivuka bahari ili apate zana za kuutazama ua wa nyumba yao.

Uchaguzi huo unaeleza mengi juu ya akili yake. Msomi aliyekwenda mbali angeweza kupata sifa kwa kuandika juu ya mambo ambayo walimu wake waliyajua tayari. Kibira alirudisha elimu mahali ilipokuwa na kazi. Mwaka 1974 mawazo yake juu ya mambo hayo yalitoka katika kitabu cha Kiingereza kiitwacho Church, Clan and the World. Swali lake ndani ya kitabu hicho ni la kila siku kwa Mkristo wa Kiafrika. Mhaya huzaliwa ndani ya ukoo. Ukoo humpa jina, shamba, ndoa na kaburi. Kanisa lilikuja likimwita mtu mmoja mmoja. Je, linaweza kuwa jamii kweli, au litabaki kuwa mahali pa kukutana siku ya Jumapili, huku mambo mazito ya uhai na kifo yakiamuliwa kwingine? Mchungaji yeyote aliyewahi kusimama katika msiba, akisubiri wazee wa ukoo wamalize kikao ndipo azike, anajua kwamba swali hilo si la wasomi tu.

Askofu akiwa na miaka 39

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana na kuwa kanisa moja, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Kanisa la Buhaya likawa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Mwaka 1964 Kibira, akiwa na umri wa miaka 39, alichukua uongozi wa dayosisi hiyo kutoka kwa Sundkler. Aliushika kwa miaka ipatayo ishirini.

Miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka taifa katika njia ya ujamaa. Mwaka 1969 Sheria ya Elimu iliweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, na kanisa ambalo lilijitambulisha kwa shule zake lilipaswa kujiuliza upya kazi yake ni nini. Wakimbizi waliotoka Rwanda tangu mwaka 1959 waliishi Karagwe na Ngara, na mwaka 1964 Fungamano la Kilutheri lilianzisha nchini shirika la kuwahudumia wakimbizi. Hospitali za Ndolage na Nyakahanga zilihitaji madaktari, dawa na fedha. Eneo la dayosisi lilikuwa kubwa, na barabara zilikatika kila masika.

Katika mazingira hayo akili ya askofu hupimwa kwa ratiba, bajeti na uvumilivu wa vikao kuliko hotuba. Ni mtihani ambao wasomi wengi hushindwa, kwa sababu mtu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani hupata shida kuwaachia wengine kazi. Kibira hakushikilia eneo kwa ajili ya ukubwa wa jina. Mwaka 1979, wakati wa uaskofu wake, Karagwe ilitengwa na kuwa dayosisi yenyewe. Kiongozi anayekubali nusu ya nyumba yake iwe nyumba ya mwingine, kwa faida ya wanaoishi ndani, ameelewa maana ya mamlaka.

Dayosisi ilijulikana pia kwa Ruhija, ambako chuo cha muziki kilifundisha nyimbo zenye mahadhi ya Kiafrika, kwa ngoma na ala za nyumbani. Kizazi cha kwanza cha Wakristo kilikuwa kimeambiwa kwamba ngoma ni ya upagani. Kusikia ngoma ikirudi kanisani ikimsifu Mungu kulikuwa jibu moja kwa lile swali la kanisa na ukoo, na jibu hilo lilieleweka hata kwa asiyesoma Kiingereza.

Bukoba ya wakati huo ilikuwa pia nyumbani kwa Laurean Rugambwa, aliyefanywa mwaka 1960 kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika, na aliyekuwa Askofu wa Kikatoliki wa Bukoba kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo. Wilaya moja ya kando ya ziwa iliipatia dunia viongozi wawili wa namna hiyo katika kizazi kimoja. Wote wawili walikuwa matunda ya wale wasomaji wa zamani, wa Kashozi na wa Kashenye. Kibira mwenyewe alishiriki katika kazi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni juu ya imani na umoja, kwa maana aliona kwamba mgawanyiko wa Wakristo uliopandwa Ulaya ulikuwa ukivunwa katika koo za Buhaya, ndugu kwa ndugu.

Dar es Salaam, Juni 1977

Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni liliundwa Lund, Uswidi, mwaka 1947, mwaka ule ule ambao mwalimu kijana wa Bukoba aliungama mbele ya ndugu wa uamsho. Miaka thelathini baadaye, mwezi Juni 1977, Fungamano hilo lilifanya mkutano wake mkuu wa sita Dar es Salaam. Ulikuwa wa kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Hapo ndipo Askofu Kibira alipochaguliwa kuwa Rais, akimfuata Mikko Juva wa Finland. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameshika nafasi hiyo kabla yake.

Heshima hiyo ilikuja na mzigo. Miezi minne tu kabla ya mkutano, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa nchini Uganda chini ya utawala wa Idi Amin. Kusini mwa bara, Namibia na Afrika Kusini, Walutheri weusi na weupe waliishi chini ya ubaguzi wa rangi. Huko Namibia Askofu Leonard Auala na wenzake walikwisha kupaza sauti mwaka 1971 dhidi ya utawala wa Afrika Kusini, lakini yalikuwapo makanisa ya Kilutheri ya weupe yaliyokataa kujitenga waziwazi na mfumo huo.

Mkutano wa Dar es Salaam ulitamka kwamba suala la ubaguzi wa rangi lilikuwa limefikia kiwango cha kuigusa imani yenyewe. Kwa maneno mengine, haikuwa tena tofauti ya siasa ambayo Wakristo wangeweza kukubaliana kutokubaliana. Kulikubali kanisa lililogawanywa kwa rangi kulikuwa ni kukana Injili. Kazi ya kusimamia matokeo ya tamko hilo ilimwangukia Rais mpya. Kwa miaka saba alisafiri, alisikiliza na aliwakutanisha watu waliokuwa na hasira. Mwaka 1984, mkutano mkuu wa Budapest, uliohitimisha kipindi chake, ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya weupe ya kusini mwa Afrika.

Wakati huo huo nyumba yake mwenyewe ilikuwa motoni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto Kagera. Watu waliuawa, mifugo na mali viliporwa, na maelfu walikimbia kuelekea kusini. Vita iliendelea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Sharika zilizoathirika zilikuwa za dayosisi yake, na mapigano hayakuwa mbali na kijiji alichozaliwa. Rais wa Walutheri wa dunia nzima alikuwa pia mchungaji wa watu waliokuwa wakiulizana kama jamaa zao wangali hai.

Mwili uliodhoofika

Kwa mtu aliyeishi kwa akili na sauti yake, ugonjwa uliomjia ulikuwa mgumu kuliko mingine. Askofu Kibira alipatwa na maradhi ya Parkinson. Maradhi hayo huleta mtetemo, hukakamaza viungo, hupunguza mwendo na hudhoofisha sauti, huku akili ikiweza kubaki macho. Yalimwandama akiwa bado katika madaraka ya kimataifa, na watu waliomwona siku zile waliuona udhaifu wake waziwazi.

Angeweza kujificha. Katika jamii ambayo mkubwa hapaswi kuonekana akitetemeka, kuficha kungeeleweka. Hata hivyo alimaliza kipindi chake cha Urais hadharani, na baada ya hapo aliustaafu uaskofu, akamwachia nafasi Samson Mushemba. Alifariki mwezi Julai 1988, akiwa na umri wa miaka 62.

Katika miaka yake ya mwisho Kagera iliingiwa na msiba mwingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huo mwaka 1983, na baada ya muda mfupi hakukuwa na ukoo ambao haukuwa na kaburi jipya. Watoto wengi walibaki yatima, kama alivyokuwa yeye huko Kashenye. Swali la kitabu chake, kama kanisa linaweza kuwa jamii kweli, likawa swali la nani atawalea.

Yaliyobaki

Baada ya kifo chake jina lake lilipewa chuo kikuu kishiriki kilichofunguliwa Bukoba. Chuo hicho kilifanya kazi kwa miaka michache, kisha kikafungwa. Jambo hilo linahuzunisha, lakini lina fundisho ambalo yeye mwenyewe angelielewa. Majengo na majina huja na kupita. Dayosisi aliyoikuza ipo. Ile iliyozaliwa kwake, Karagwe, ipo. Namibia imekuwa huru tangu mwaka 1990, na ubaguzi wa rangi wa kisheria umeondoka Afrika Kusini. Waafrika wengine wameshika uongozi wa Walutheri wa dunia baada yake, na hakuna tena anayeshangaa.

Vijana wa sharika za kandokando ya ziwa, wa Bukoba na wa Mwanza, husikia siku hizi kwamba akili ni mtaji, na kwamba mwenye akili afanye hima ainunulie nafasi nzuri. Maisha ya Josiah Kibira hayapingi kazi wala bidii, kwa kuwa alifanya kazi kuliko wengi. Yanaonyesha tu mahali ambapo akili ilipata thamani yake. Ilipata thamani katika chumba cha mwalimu, ilipolazimika kueleweka. Ilipata thamani katika uamsho, ilipokubali kuonywa na wasiosoma. Ilipata thamani ilipochunguza mambo ya nyumbani badala ya kuyaonea haya, ilipogawa madaraka badala ya kuyalimbikiza, na ilipoendelea kutumika mwili ukitetemeka.

Karama aliyopewa mtoto wa mjane wa Kashenye haikufukiwa ardhini. Ilitolewa, ikazunguka, ikarudi na faida, na faida hiyo haikuwa yake peke yake. Mama aliyemlea, ukoo uliomlinda na wasomaji waliojifunza herufi usiku kwa hofu, wote wana fungu lao ndani yake. Kila usharika unaoadhimisha miaka mia moja unaye mtoto wa namna hiyo, aliyeketi leo katika benchi la shule ya Jumapili, ambaye bado hajajua ana nini. Ni wajibu wa watu wazima wanaomzunguka kumwona mapema.